Mathlib ilimaliza bando langu: nisakinishe vipi programu ya kukagua uthibitisho?

Swali: Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari hapa Arua, Uganda. Nataka wanafunzi wangu wa S5 (kidato cha tano) waone kompyuta ikiwakagulia uthibitisho wao. Nina laptopu ya mtumba ya Windows 10 yenye RAM ya gigabaiti 4. Chumba cha kompyuta cha shule kina mashine 12 za Ubuntu ambazo hazina intaneti, na kaka yangu huniazima MacBook yake ya M1 mwisho wa wiki. Nilianza na Lean, mojawapo ya programu za kukagua uthibitisho, nikaongeza maktaba yake ya Mathlib, nikaandika amri ya kujenga mradi, lake build. Mashine ilihangaika tangu jioni hadi asubuhi, kisha ikaganda, na bando langu lote likawa limekwisha. Je, tatizo ni Windows? Nihamie Linux, au nichague programu nyingine kama Isabelle au Coq? Na je, wanafunzi wanaweza kuzipa nadharia zao majina ya Kiswahili?

Jibu:

Mwalimu, Windows haina kosa. Ukihamia Linux leo ukarudia amri ile ile, usiku utakuwa ule ule. Kilichokuangusha ni amri moja iliyotangulia nyingine. Mathlib ni maktaba yenye nadharia zaidi ya 200,000, na kila nadharia ina uthibitisho wake. Ukiandika lake build kabla hujachukua akiba iliyokwisha kujengwa, unaiamuru laptopu yako ithibitishe upya maktaba nzima, faili baada ya faili, kwa RAM ya gigabaiti 4. Kazi hiyo seva za mradi wa Mathlib huifanya kila siku, na matokeo yake yanawekwa mtandaoni ili wewe usiirudie. Amri ya kuyachukua ni hii:

lake exe cache get

Hiyo hutangulia, lake build hufuata, na hapo kazi ya saa nyingi inakuwa ya dakika chache. Nami nilipitia huko huko ulikopita. Mara ya kwanza niliacha laptopu ikikompaili usiku kucha chumbani kwangu Kikoni, umeme ukakatika alfajiri, na siku mbili zikapita bila mimi kuandika uthibitisho hata mmoja. Ndiyo maana swali lako nimeliweka mbele ya mengine.

Mambo mawili zaidi kuhusu amri hiyo, kwa kuwa bando ni fedha. Mtandao ukikatika katikati, irudie vile vile: mafaili yaliyokwisha kufika hayapakuliwi tena, yanafuatwa yaliyobaki tu. Lakini ukiiandika na alama ya mshangao mwishoni, cache get!, inapakua kila kitu upya hata kama unacho, kwa hiyo itumie pale tu unapojua mafaili yameharibika. La pili ni lake update. Amri hiyo husogeza Mathlib kwenda toleo jipya, na mara nyingi huvuta toleo jipya la Lean pamoja nalo, kisha akiba ya zamani haifai tena. Mradi ukishafanya kazi, iache amri hiyo mpaka likizo.

Sasa nikuulize: wanafunzi wa S5 wanahitaji Mathlib kweli? Kama somo ni shufwa na witiri, kugawanyika kwa namba, mantiki, au uthibitisho kwa induksheni, Lean yenyewe bila maktaba yoyote inatosha, maana namba asilia na namba kamili zimo ndani yake. Mathlib utaihitaji utakapofika kwenye namba halisi, mipaka, au aljebra ya vikundi. Tofauti ya uzito ni kubwa. Lean peke yake unaipakua kwa mamia ya megabaiti. Mathlib na akiba yake huchukua gigabaiti 5 au zaidi kwenye diski, na faili linaloanza na import Mathlib likifunguliwa kwenye laptopu ya RAM 4 litaibana mpaka kivinjari kisifunguke. Ushauri wangu ni kwamba muhula wa kwanza uanze bila Mathlib kabisa.

Kwenye Windows yako njia ni fupi. Sakinisha kihariri cha VS Code, kisha ndani yake tafuta kiongezi kinachoitwa Lean 4. Kitakuongoza kuweka Git, chombo cha kupakua na kutunza miradi ya programu, na elan. Elan ndiyo mtunza matoleo: husoma faili dogo la lean-toolchain ndani ya mradi na kuleta toleo la Lean linalotajwa humo. Ukimaliza, bonyeza alama ya ∀ juu ya dirisha uanzishe mradi mpya, uchague ule usiotumia Mathlib. Uweke kwenye folda fupi kama C:\darasa, wala usiuweke Documents. Kompyuta nyingi huipeleka Documents kwenye OneDrive bila mwenyewe kujua, na kila faili linalojengwa litaanza kupandishwa mtandaoni kwa bando lako. Epuka pia nafasi katika majina ya folda, maana programu nyingi za ukoo huu zilizaliwa kwenye Linux na nafasi huzivuruga. Halafu, kabla ya kupakua chochote, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiambie Windows kwamba muunganisho huu ni wa kulipia kwa kipimo, ili isichukue masasisho yake wakati huo huo. Huenda sehemu ya bando lako ilikwenda huko.

Huenda mtu akakushauri uweke Linux ndani ya Windows kwa njia ya WSL. Kwa Lean huhitaji, kwa sababu Lean inafanya kazi kwenye Windows moja kwa moja. Isitoshe, toleo la pili la WSL limewekwa kwa kawaida liweze kuchukua mpaka nusu ya RAM, nawe utabaki na gigabaiti 2 za kuendeshea kila kitu kingine.

Mahali penye kazi ya kweli ni chumba cha kompyuta, na hapo ndipo Ubuntu itakufaa, kwa kuwa mashine 12 za mfumo mmoja zinaweza kulishwa kutoka chungu kimoja. Anza kwa kukagua umri wa mfumo. Andika lsb_release -a. Ukiona Ubuntu 18.04, VS Code ya sasa itakataa, kwa sababu tangu mwanzoni mwa 2024 inadai maktaba ya mfumo ambayo toleo hilo halina; utahitaji 20.04 kwenda mbele. Andika pia uname -m. Jibu likiwa x86_64, endelea. Kisha tazama saa. Kompyuta za mtumba mara nyingi betri ya saa imekufa, na mashine inaamini ni miaka mingi iliyopita. Mashine yenye tarehe ya uongo hukataa vyeti vya usalama vya tovuti, upakuaji unashindikana, nawe unalaumu mtandao. Rekebisha tarehe kwanza, na ukipata nafasi nunua betri hiyo, ni kile kidonge kidogo kama cha saa ya mkononi.

Chagua mashine moja iwe mama. Iunganishe na simu yako kwa waya, uweke curl na git kwa sudo apt install curl git, kisha faili la .deb (kisakinishi cha Ubuntu) la VS Code, kiongezi cha Lean 4, na elan. Anzisha mradi uuite darasa, uujenge, uhakikishe unafanya kazi. Fungua lile faili la lean-toolchain uone kwamba linataja namba kamili ya toleo. Likisema stable tu, elan itataka kuuliza mtandaoni toleo la leo ni lipi, na mashine zako hazina mtandao wa kuuliza.

Kisha, ukiwa kwenye folda ya nyumbani ya mashine mama, funga kila kitu katika furushi moja:

tar -czf darasa.tar.gz .elan .vscode darasa

Usinakili folda hizo kwenye flashi zikiwa wazi. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, na FAT32 haikumbuki ni faili lipi lina ruhusa ya kuendeshwa kama programu. Ukizirudisha kwenye Ubuntu, Lean itagoma. Ndani ya furushi la tar ruhusa hizo husafiri salama. FAT32 pia haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Kwa Lean tupu hutafika huko, ila siku utakapobeba mradi wa Mathlib unaweza kufika, basi ipange flashi upya kwa exFAT mapema.

Kwenye kila mashine nyingine weka lile faili la .deb kwa sudo dpkg -i, nenda folda ya nyumbani, ufungue furushi kwa tar -xzf. Jina la mtumiaji liwe moja kwenye mashine zote 12, kwa sababu kiongezi cha VS Code huandika anwani kamili ya folda kilimowekwa, na jina likibadilika hakijioni. Curl na git lazima ziwemo humo pia. Mashine isiyo nazo iunganishe na simu dakika chache tu, ni makumi ya megabaiti. Ukishazoea, mashine moja haitakula zaidi ya robo saa.

Mac ya kaka yako nayo ni rahisi, ila usiitegemee kulisha chumba. Programu zilizo ndani ya .elan ya Mac haziendeshwi kwenye Ubuntu hata kidogo. Mara ya kwanza utakapoita git, Mac itakuomba upakue zana za amri za Apple. Kubali, subiri, kisha fuata njia ile ile ya VS Code. Huo uthibitisho wenyewe, yaani faili la .lean, ni maandishi tu ya kilobaiti chache. Mwanafunzi anaweza kuuandika kwenye Ubuntu, wewe ukausoma kwenye Windows usiku, na kaka yako akaufungua kwenye Mac, na jibu likawa moja, mradi faili la lean-toolchain ni lile lile kote. Tofauti za mifumo huishia kwenye kusakinisha.

Umeuliza kuhusu Isabelle. Kwa chumba kisicho na intaneti, hiyo ndiyo ningeiweka kwa moyo mweupe kabisa, na kama usingekuwa umeshaanza Lean ningekwambia uanze nayo. Ilianza 1986 kwa Lawrence Paulson kule Cambridge, na baadaye Tobias Nipkow wa Munich akaikuza pamoja naye. Unapakua kifurushi kimoja, na ndani yake kila kitu kimo: lugha yake ya ML, Java, kihariri, maktaba. Kwenye Ubuntu unakifungua kwa tar na kuiendesha papo hapo bila haki za msimamizi. Kwenye Windows ni faili la .exe linalojifungua lenyewe. Windows itakuonya kwamba haimjui mwenye programu, na kama umeipakua kutoka tovuti rasmi, ruhusu. Mac nayo itaizuia, nawe utaingia kwenye mipangilio ya faragha na usalama uiruhusu kwa mkono. Waundaji wenyewe wanasema gigabaiti 4 za RAM zinatosha kwa majaribio madogo. Ndani yake kuna Sledgehammer, chombo kinachozikabidhi programu nyingine hoja yako ili zikutafutie uthibitisho, na programu kadhaa kati ya hizo zimo humo humo kwenye kifurushi. Kwa kuwa ni faili moja kubwa, lipakue kwa wget -c, ili mtandao ukikatika uendelee ulipoishia.

Kinachonifanya nikuache kwenye Lean ni wanafunzi wenyewe. Kuna tovuti ya live.lean-lang.org, ambako kazi yote hufanywa na seva na simu hutuma maandishi tu, na kuna mchezo wa namba asilia ulioanzishwa na Kevin Buzzard na Mohammad Pedramfar, ambao mwanafunzi huanza na sifuri na kujenga kujumlisha na kuzidisha kwa mkono wake. Mwanafunzi mwenye simu na bando dogo anaweza kuendelea akiwa nyumbani, na hilo kwa mtoto anayekaa mbali na shule ni jambo kubwa.

Coq usiikimbie, ila jua kwamba jina limebadilika. Kazi hiyo ilianza 1984 Ufaransa, katika taasisi ya INRIA, kwa Gérard Huet na Thierry Coquand, na tangu 2025 inaitwa Rocq, kwa hiyo utakuta maelekezo yenye jina hili na mengine yenye lile. Kwenye Ubuntu, sudo apt install coq coqide inakupa toleo la nyuma kidogo linalotosha kabisa kufundishia. Kwenye Windows tafuta kisakinishi kinachoitwa Coq Platform au Rocq Platform. Njia ya opam, chombo cha kusakinishia programu za lugha ya OCaml, inakupa toleo jipya, lakini hukompaili lugha hiyo nzima kwanza, jambo ambalo mashine zako hazilitaki. Georges Gonthier alikagua nadharia ya rangi nne kwa programu hiyo mwaka 2005, na hapo una somo zima la Ijumaa alasiri: wape wanafunzi ramani ya wilaya za Uganda na kalamu za rangi nne, wilaya zinazopakana zisifanane. Wakimaliza, waambie kwamba uthibitisho wa jambo hilo ni mrefu mno kwa mtu kuukagua kwa macho, ndiyo maana ukapewa kompyuta.

Agda, programu nyingine ya aina hii, iache kwa sasa, kuijenga kunakunywa RAM. Z3, programu inayoamua yenyewe kama masharti ya kimantiki yanaweza kutimia, inasakinishwa kwa pip install z3-solver kwenye mifumo yote mitatu, na kwenye Ubuntu za karibuni utatengeneza mazingira ya Python kwanza. Ni chombo kizuri, ila humpa mwanafunzi jibu la ndiyo au hapana bila kumdai hatua zake, na hatua ndizo unazotaka kufundisha.

Kuhusu mahali pa kupakua: tangu Julai 2021 data ya intaneti hapa Uganda ina ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo gigabaiti zilizopotea usiku ule ziliuma mara mbili. Kama una ndugu au mwanafunzi wako wa zamani aliye chuo kikuu, vyuo vingi vimeunganishwa na RENU, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti Uganda, na vina eduroam, yaani Wi-Fi ya vyuo. Mwombe apakue kwenye kompyuta yake mwenyewe mafaili makubwa, yaani VS Code ya .deb na Isabelle, akuletee kwenye flashi. Yaliyobaki yafanye kwa bando la usiku.

Na majina ya Kiswahili? Ndiyo, na nakusihi ufanye hivyo. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022 na kifundishwe shuleni, na sioni kwa nini hesabu ibaki nje. Maneno ya amri kama theorem na by yatabaki kama yalivyo, ila majina ya nadharia ni yako. Faili la kwanza la kujaribia kila mashine liwe hili:

theorem witiri_mbili_ni_shufwa (a b : Nat)
    (ha : a % 2 = 1) (hb : b % 2 = 1) :
    (a + b) % 2 = 0 := by
  omega

Nat ni namba asilia, na % ni salio la kugawanya. Halihitaji maktaba yoyote. Kama hakuna mstari mwekundu na dirisha la kulia halidai lengo lolote, usakinishaji umekamilika. Badilisha hb iwe b % 2 = 0, na mstari mwekundu utatokea chini ya omega, kwa sababu dai si kweli tena.

Lakini omega, amri inayotafuta yenyewe uthibitisho wa hesabu za namba kamili, humaliza kazi kwa neno moja, na mwanafunzi hajifunzi kitu. Kwa hiyo baada ya mashine kukubali, wape hili:

theorem witiri_mbili (a b : Nat)
    (ha : ∃ m, a = 2*m + 1) (hb : ∃ n, b = 2*n + 1) :
    ∃ k, a + b = 2*k := by
  obtain ⟨m, hm⟩ := ha
  obtain ⟨n, hn⟩ := hb
  exact ⟨m + n + 1, by omega⟩

Alama ya ∃ huandikwa kwa \ex, na mabano yale kwa \< na \>. Kabla hujawapa, futa m + n + 1 uache pengo. Wengi wataanza kwa kujaza m + n, na Lean itawakatalia mpaka waichukue karatasi, wajumlishe zile moja mbili zilizobaki, na waone zinaingia wapi.